Sauti ya Kwanza Langoni: Historia ya Umoja wa Wanawake wa Kimaori

Mgeni afikaye katika marae, yaani uwanja wa ukoo wa Kimaori pamoja na nyumba yake kubwa ya mikutano, haingii kwa hiari ya nafsi yake. Husimama langoni pamoja na wenziwe, kimya, watoto wametulizwa, mpaka isikike sauti ya mwanamke kutoka upande wa wenyeji ikiwaita. Sauti hiyo huitwa karanga, nayo ni wito, ni salamu, na ni maombolezo pia, kwa kuwa aghalabu huwataja walio hai pamoja na waliotangulia mbele ya haki. Mwanamke wa upande wa wageni huijibu, ndipo miguu ianzapo kusogea. Wanaume watasimama baadaye kuhutubu, na katika viwanja vingi ni wao peke yao wenye ruhusa ya hotuba hizo. Walakini hapana mwanamume, awe na cheo gani, awezaye kulifungua lango lile kabla mwanamke hajaita.

Sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Nimelitanguliza kabla ya miaka na majina kwa kuwa taasisi ninayotaka kuiadhimisha hapa, Umoja wa Ustawi wa Wanawake wa Kimaori wa Nyuzilandi, imekwisha kupita miaka sabini tangu kuasisiwa, na katika miaka hiyo yote kazi zake zilizo bora zimekuwa kazi za mlangoni: ni nani aingiaye katika nyumba ya mnyonge, huingia kwa idhini ya nani, na akitoka humo huenda kusimulia nini, na kwa nani.

Jina la Umoja huu katika lugha ya wenyewe ni Te Rōpū Wāhine Māori Toko i te Ora. Rōpū ni kundi, wāhine ni wanawake, na ora ni uhai, siha na ustawi vikiwa vimekusanyika katika neno moja. Lakini neno lililonivuta mimi ni toko. Toko ni mti unaosimikwa kutegemeza kitu kisianguke; tena ni mti wa kusukumia mtumbwi katika maji machache, ule ambao mabaharia wa pwani yetu huuita upondo. Jina la Kiingereza la Umoja limeliacha neno hilo nje, na mimi nahesabu kuwa ni hasara, maana mshika upondo hasimami ufukoni akatoa amri. Yumo ndani ya chombo pamoja na abiria wake, na kila asukumapo huihisi ardhi ya chini kwa viganja vyake mwenyewe.

Ili kuifahamu haja iliyouzaa Umoja, sharti tuitazame hali ya Wamaori katikati ya karne iliyopita. Hesabu ya watu ya mwaka 1951 iliwakuta Wamaori zaidi ya 115,000 katika nchi iliyokuwa na wakazi wapatao milioni mbili. Wazee wao walitia saini Mkataba wa Waitangi na taji la Uingereza mwaka 1840, kisha kwa vita, kwa sheria, na kwa manunuzi ambayo mengi hayakuwa ya insafu, wakaondokewa na sehemu kubwa ya ardhi. Na ile iliyosalia ilikwisha kukatwakatwa baina ya warithi wengi hata haikuweza kuwalisha wote. Vita Vikuu vya Pili vikawaita vijana jeshini na viwandani, na vilipokwisha, njia ya mjini ilikuwa imekwisha kufunguka. Mwaka 1945 ni Mmaori mmoja tu katika kila wanne aliyeishi mjini. Mwaka 1966 walikuwa sita katika kila kumi. Ni nadra sana kwa watu kuihama hivyo nchi ya babu zao katika umri wa kizazi kimoja.

Waliofika mjini walikuta kazi, lakini maskani hawakuyakuta. Nyumba za serikali, ambazo wapangaji wa kwanza walikabidhiwa mwaka 1937, Wamaori hawakupewa kwa miaka kadhaa ya mwanzo ila kwa nadra, na wenye nyumba wengi wa Kizungu walifunga milango mara walipoiona rangi ya mwombaji. Basi jamaa kwa jamaa wakasongamana katika nyumba kuukuu za katikati ya mji wa Auckland, baba na mama na watoto na ndugu waliotoka shamba wakilala chumba kimoja, kuta zikitoka maji wakati wa baridi. Kifua kikuu, maradhi yaliyowaua Wamaori kwa wingi usiolinganishwa na ule wa Wazungu, hakikuhitaji karibu kubwa zaidi ya hiyo.

Wanawake hawakungoja mwaka 1951 ndipo wajifunge vibwebwe. Mwaka 1937, huko Rotorua, muuguzi Robina Cameron pamoja na wanawake wa kabila la Te Arawa waliunda umoja wa afya uliopita vijijini kufundisha usafi na malezi ya watoto. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 1945, iliyoweka kamati za makabila na maafisa wa ustawi, na mkuu wa maafisa hao, Rangi Royal, aliyekuwa ofisa wa Kikosi cha 28 cha Wamaori vitani, alizihimiza kamati za wanawake kila zilipoweza kusimama, kwa kuwa aliona wazi kwamba habari za mtoto mgonjwa na chungu kitupu haziwezi kutengenezwa na baraza la wanaume peke yao. Kamati hizo ndizo zilizotuma wajumbe wao mjini Wellington mwezi wa Septemba 1951, na katika mkutano huo Umoja ukaasisiwa. Ule umoja wa afya wa Rotorua uliombwa ujiunge, ukakataa, ukashika njia yake. Na uchungu uliobaki baina ya vyama hivyo viwili haukwisha upesi. Sioni sababu ya kuuficha, maana wanawake wale walikuwa watu wenye msimamo, na penye watu wa namna hiyo aghalabu hapakosi mivutano.

Umoja basi ulizaliwa mikononi mwa serikali: Idara ya Mambo ya Wamaori iliutegemeza kwa fedha na kwa watumishi, na maafisa wake walihudhuria mikutano. Wako waliosema hapo, na wako wasemao hata leo, kwamba chama cha namna hiyo hakiwezi kuwa sauti ya watu. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa. Lakini mwenye kuitoa na awatazame wanawake waliokalia viti vya mbele katika mwaka ule wa kwanza, kisha ajiulize kama walikuwa watu wa kuongozwa kwa kamba.

Mlezi wa Umoja alikuwa Te Puea Hērangi, binti wa nasaba ya kifalme ya Waikato, aliyewauguza watu wake katika maradhi ya mafua ya mwaka 1918 na kuwachukua mayatima wapatao mia, kisha akaijenga marae ya Tūrangawaewae huko Ngāruawāhia kwa jasho na michango midogo midogo. Alifariki Oktoba 1952, Umoja ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Katibu alikuwa Mira Petricevich, aliyejulikana baadaye kwa jina la mumewe kuwa Mira Szászy, msichana wa kaskazini ya mbali, mmoja wa wanawake wachache mno wa Kimaori waliokuwa na shahada ya chuo kikuu wakati huo, mwenye kalamu nyepesi na fikira nzito. Na rais alikuwa Whina Cooper.

Whina alizaliwa Desemba 1895 huko Hokianga, binti wa Heremia Te Wake, kiongozi wa watu wake na mwalimu wa dini ya Kikatoliki. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini alipotoka na wenziwe kwenda kuifukia mitaro iliyochimbwa na mkulima wa Kizungu katika tope za ufukoni pa Panguru, mahali ambapo watu wake walizoea kuokota chakula cha pwani. Alichochimba, wao walikifukia. Alisomesha shule, akaendesha duka, akasimamia miradi ya kilimo ya makabila, akaolewa mara mbili na kufiwa mara mbili. Alihamia Auckland baada ya kufiwa na mume wa pili mwaka 1949, na alipochaguliwa kuuongoza Umoja alikuwa na umri wa miaka 55. Alikuwa na desturi iliyowachukiza wazee wengi, ya kusimama akahutubu katika viwanja ambavyo mwanamke hakuzoea kusikika ila kwa wito wa langoni na kwa nyimbo. Hakuomba radhi kwa desturi hiyo.

Kazi yake ya kwanza iliyo kubwa, na ambayo mimi naiona kuwa ndiyo jiwe la pembeni la historia hii yote, ilikuwa ni kuhesabu. Aliyaagiza matawi ya Auckland yapite katika nyumba za Wamaori, kila tawi katika mtaa wake, yaandike idadi ya watu, vyumba, maji, vyoo, na hali ya paa na kuta. Karani wa manispaa angaliweza kuhesabu madirisha akiwa barabarani, lakini asingaliweza kujua ni watoto wangapi waliolala chini ya dirisha lile, kwa sababu mama mwenye nyumba, akijua kwamba ukweli wake waweza kumfukuzisha, angalipunguza idadi kwa khofu au angaliufunga mlango kabisa. Aliyekuja sasa hakuwa karani. Alikuwa mwanamke mwenziwe, mwenye kusema Kimaori, mwenye kumwuliza kwanza nasaba yake na mlima wa kwao, ambaye labda yeye mwenyewe usiku uliopita alilala katika chumba kama kile. Mlango ulifunguliwa kwa sababu aliyebisha alijulikana.

Hesabu zilipokusanywa zikawekwa mbele ya wakubwa, hazikuwa maneno ya mtu anung'unikaye. Zilikuwa daftari, nyumba kwa nyumba, na daftari ni kitu kigumu kukibisha. Manispaa ya Auckland ikaanza kubomoa vibanda vibovu, na jamaa za Kimaori wakaanza kuingizwa katika nyumba za serikali kwa wingi ambao haukuonekana kabla. Insafu yanitaka niseme pia upande wa pili. Serikali iliwatawanya kwa makusudi wapangaji hao wapya katikati ya majirani wa Kizungu, jamaa moja mtaa huu, jamaa nyingine mtaa ule, ili waizoee desturi ya wengi. Na hivyo mama aliyeondolewa katika unyevu na msongamano alijikuta katika nyumba kavu, yenye bustani na bomba la maji, pasipo mtu mmoja wa kumwitia mtoto wake kwa lugha yake. Nadhani hapo ndipo matawi ya Umoja katika vitongoji vipya yalipopata haja yao ya kweli. Kikao cha mwezi katika sebule ya mmoja wao kilikuwa ndicho marae kwa wanawake ambao marae yao imebaki safari ya siku nzima, na usukaji wa harakeke, mmea ambao majani yake marefu huwa mikeka na vikapu kama ukindu wetu, uliwakusanya waliofahamu na wasiofahamu, wazee wakiongoza mikono ya vijana waliokuwa karibu kuusahau ufundi ule.

Umoja ulikua kwa kasi. Kufikia katikati ya miaka ya hamsini ulikuwa na matawi zaidi ya 300 nchini kote, na mpaka lilipoundwa Baraza la Wamaori mwaka 1962 hapakuwa na chombo kingine cha kitaifa kilichowakusanya Wamaori wa makabila yote wapeleke sauti moja serikalini. Jambo hili lafaa kutiliwa mkazo, kwa sababu watu hulipita upesi. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi, mambo ya watu wale yaliyohusu ardhi, mashule, hukumu za mahakamani na mishahara yalipelekwa kwa mawaziri na wanawake waliokuwa wamekutana, kwa maneno ya sheria, kwa ajili ya usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Katika mikutano yao ya mwanzo walikwisha kuomba Kimaori kifundishwe mashuleni, wakati ambapo wazazi wengi walikuwa bado wakikumbuka fimbo walizochapwa kwa kukisema. Waziri na maafisa hawakupendezwa daima na upana huo wa ajenda, na Whina hakupendezwa daima na maafisa. Alipoacha urais mwaka 1957, mkutano ulimpa jina la Te Whaea o te Motu, Mama wa Taifa, jina lililodumu naye mpaka kaburini.

Sasa nafika katika kisa ambacho wengine wamekifanya dosari ya Umoja, nami sikioni hivyo. Mwaka 1964 idara ya elimu ilichapisha kwa ajili ya shule za msingi kitabu kidogo cha picha, Washday at the Pa, kilichoonyesha siku ya kufua nguo katika nyumba ya jamaa wa Kimaori wa shamba, wenye watoto wengi, waliokuwa wakikaa katika nyumba kuukuu wakisubiri kuhamia mpya. Picha zilipigwa na Ans Westra, mzaliwa wa Uholanzi, aliyewapenda Wamaori. Na nyuso zilizomo zina furaha, hapana anayeweza kulikana hilo. Lakini palikuwa na mtoto aliyesimama kwa miguu mitupu juu ya jiko la chuma apate joto, na katika desturi ya Wamaori mahali pa chakula hapakanyagwi. Palikuwa na ukuta mchakavu, na dari mbovu, na yote hayo yalikwenda kuwekwa juu ya madawati ya watoto wa Kizungu ambao wengi wao hawakuwa wameingia katika nyumba yoyote nyingine ya Mmaori. Mkutano mkuu wa Umoja uliitaka serikali ikiondoe kitabu. Waziri akakubali, na nakala zipatazo 38,000 zikarudishwa na kuharibiwa.

Waandishi na wasanii walilalamika, na miongoni mwa Wamaori wenyewe walikuwapo waliokitetea kitabu, wakasema kwamba aibu haimo katika picha bali imo katika nyumba. Hoja hiyo ni nzuri, nami naiheshimu. Lakini tukumbuke ni nani aliyeleta malalamiko. Si mabibi waliotaka umaskini usionekane. Ni wale wale waliopita mlango kwa mlango mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakaandika kila tundu la paa na kila mtoto asiye na kitanda. Walijua kwamba ndani ya nyumba ya mtu huonekana mambo mengi, na kwamba aliyekaribishwa amechukua amana. Hesabu yao waliipeleka kwa wenye uwezo wa kujenga. Kitabu kilipelekwa kwa watoto wa darasani, ambao hawawezi kujenga kitu, lakini wanaweza kumcheka mwenzao aliyeketi dawati la pili. Kukiharibu kitabu ni jambo zito, na ningalipendelea kingerudishwa bila kuharibiwa. Ila katika suala la nani mwenye haki ya kuionyesha nyumba ile, mimi niko pamoja na wanawake.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka. Mira Szászy alikamata urais mwaka 1973 mpaka 1977, akauhimiza Umoja uache kuwa mwombaji mpole wa serikali na useme waziwazi juu ya haki ya mwanamke wa Kimaori, hata mbele ya wanaume wa kwao. Whina, ambaye wengi walidhani amekwisha kustaafu, aliondoka Te Hāpua, ncha ya kaskazini ya nchi, tarehe 14 Septemba 1975, akiwa na umri wa miaka 79, akiyaongoza maandamano ya kudai ardhi yaliyokwenda kwa miguu kama kilomita 1,000 hata yakafika bungeni Wellington tarehe 13 Oktoba. Maandamano hayo hayakuwa ya Umoja kwa jina. Lakini usiku kwa usiku watembeaji walipokelewa katika marae za njiani, na kila marae ilikuwa na mwanamke wa kuwaita langoni, na wanawake wa kuwapikia na kuwatandikia magodoro.

Katika miaka ya themanini Umoja ulirudi katika kazi yake ya asili, kazi ya daftari. Uliamua kuifahamu afya ya wanawake wa Kimaori kwa utafiti wake wenyewe, uliofanywa na wanachama wake waliofunzwa kuuliza na kuandika, chini ya uongozi wa Elizabeth Murchie, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1984 kwa jina la Rapuora, maana yake kuitafuta siha. Wanawake zaidi ya elfu moja walihojiwa, wengi wao nyumbani kwao. Wataalamu wa vyuo walikuwa wamezoea kuwafanya watu hawa somo la vitabu vyao. Mara hii aliyeuliza na aliyeulizwa walikuwa wamoja, na mengi yaliyosemwa, juu ya sigara, juu ya uzito wa mwili, juu ya khofu ya hospitali, yasingalisemwa kwa mgeni. Mwaka 1987 ukaundwa mfuko wa kuwakopesha wanawake wa Kimaori mtaji wa biashara, jambo ambalo Georgina Kirby, rais wa wakati huo, alilipigania kwa nguvu, kwa sababu mabenki hayakuwa na mazoea ya kumkaribisha mwanamke asiye na hati ya ardhi.

Na kabla ya hapo, mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kilifunguliwa kōhanga reo cha kwanza. Kōhanga ni kiota, reo ni lugha: mahali ambapo watoto wachanga hulelewa na bibi zao kwa Kimaori tupu tangu asubuhi hata jioni. Hakikuwa chombo cha Umoja peke yake, lakini matawi yake yalikuwa mstari wa mbele kuvianzisha na kuvitunza, na katika miaka michache vilikuwa mamia. Wale waliochapwa kwa kusema Kimaori, waliowanyima watoto wao lugha hiyo kwa huruma ili wasichapwe nao, sasa waliketi sakafuni na wajukuu wakawafundisha majina ya vidole.

Mwaka 1993 marais wa zamani na wa wakati huo waliungana kuleta dai mbele ya Baraza la Waitangi, chombo kinachosikiliza malalamiko ya kuvunjwa kwa Mkataba wa mwaka 1840. Sababu iliyowachochea ilikuwa kuachwa kwa Mira Szászy katika uteuzi wa tume ya mambo ya uvuvi, lakini dai lenyewe lilikwenda mbali zaidi: walisema kwamba serikali, tangu ilipofika, ilizungumza na wanaume tu, ikawaondolea wanawake wa Kimaori mamlaka na heshima waliyokuwa nayo katika jamii yao. Mkataba ulitiwa saini na wanawake pia, wakakumbusha. Dai likaandikishwa kwa nambari 381. Whina Cooper alikuwa na miaka 97 lilipopelekwa, akafariki Machi mwaka uliofuata. Mira Szászy akafariki mwaka 2001. Dai likakaa. Baraza lilikubali kuanza kuchunguza jambo hilo mwaka 2018, na kikao cha kwanza cha kusikiliza kilifanywa mapema Februari 2021, katika mji mdogo wa Kerikeri, upande wa kaskazini, nchi ya Whina na Mira.